Kadi Isiyosomeka, Matamba

Januari 2018 nilipanda uwanda wa juu wa Kitulo pamoja na shangazi yangu, aliyetaka picha za maua za kutundika sebuleni kwake Mbeya. Laptopu niliiacha nyumbani kwa makusudi, kwa kuwa barabara ya kutoka Chimala hadi Matamba ina kona 57 na begi langu lilikwisha kujaa kamera, sweta na makoti ya mvua; niliamini kwamba kishikwambi changu cha Android na waya mfupi wa OTG, unaokiwezesha kupokea vifaa vya USB, vingetosha kwa kuhamisha, kuchambua na kusafisha picha.

Usiku ule, katika nyumba ya wageni ya Matamba, nilichomeka kisoma-kadi chenye kadi ya kamera, na kioo kikanijibu kwamba kadi imeharibika, niguse ili ifomatiwe.

“Si uguse, baba, tuone picha,” alisema shangazi, huku kidole chake kikikaribia kioo.

Niliuzuia mkono wake kwa haraka ambayo hadi leo inanitia aibu. Kadi ilikuwa nzima. Ilikuwa ya GB 64, na kadi za ukubwa huo hutoka kiwandani zikiwa na mpangilio wa exFAT, ambao vishikwambi vingi vya wakati ule havikuuelewa. Vilizoea FAT32 ya kadi za GB 32 kushuka chini. Kugusa pale kungeanza kufuta maua ya siku nzima.

Baada ya kuhangaika sana nilirudisha kadi ndani ya kamera, nikaiunganisha kamera yenyewe na kishikwambi kwa waya wake wa USB, nikaiwasha. Picha zikaanza kuonekana. Kwa njia ya PTP, utaratibu wa kamera kukabidhi picha kwa kifaa kingine, kamera ndiyo inayosoma kadi yake na kukabidhi mafaili, hivyo kishikwambi hakina haja ya kujua kadi imepangwaje.

Tatizo la pili lilikuwa nafasi, kwani zilibaki GB 6 tu. Picha zilikuwa 412, kila moja ikiwa na JPEG, yaani picha iliyokwisha kubanwa, ya takriban MB 7 na RAW, yaani data ghafi ya kamera, ya MB 25, kwa hiyo nilichukua JPEG zote, kisha RAW za picha 30 tu zilizopigwa kwenye mwanga mgumu, hasa maua meupe ambayo JPEG ilikuwa imeyaunguza hadi yakabaki weupe mtupu. Shangazi ndiye aliyechagua, bila huruma. Picha niliyoilalia tumboni kwenye matope aliiita jani. Alipofika kwenye okidi alisimama, akanieleza jinsi viazi vyake vilivyochimbwa na kupelekwa Zambia kutengenezewa chikanda, chakula cha huko, kabla Kitulo haijawa hifadhi ya taifa mwaka 2005.

Nilisafisha picha 11 kwa programu ya Lightroom chini ya blanketi, mwanga wa kioo ukiwa umepandishwa hadi mwisho, na zilionekana kung'aa kuliko maua yenyewe.

Kesho yake, kwenye studio moja ya Mwanjelwa, jijini Mbeya, zilitoka kwenye karatasi zikiwa na giza kama zimepigwa wakati wa magharibi. Fundi hakulaumu mashine yake. Alikichukua kishikwambi changu, akashusha mwanga wa kioo hadi nusu, akanirudishia, nami nikaona giza lile lile. Nilikaa kwenye benchi lake nikazirekebisha zote upya, shangazi akiwa amekwenda kutafuta fremu.