Arobaini ya Mjomba, Mikindani

Basi nililipandia Mbagala Rangi Tatu alfajiri, na tulipofika Daraja la Mkapa pale Rufiji nusu ya abiria walikuwa wanakoroma. Lina urefu wa mita 970 na lilifunguliwa mwaka 2003. Kabla ya hapo sisi watu wa kusini tulikuwa tunasubiri kivuko, na wazee hawajaacha kulalamika. Somanga tukala samaki wa kukaanga. Kutoka hapo hadi Mingoyo sina la kusimulia, labda malori ya saruji yaliyokuwa yakitoka Mtwara, ambayo dereva wetu aliyapisha huku akitukana chini chini.

Kwenye mkoba nilibeba bahasha ya ubani na kadi kubwa iliyojaa saini za Wazungu.

Mjomba alikuwa baharia, akalowea Liverpool. Kutoka kule kuna meli ya kwenda Kisiwa cha Man, ambako kila mwishoni mwa Mei barabara za kawaida hufungwa kwa ajili ya mashindano ya pikipiki. Mzunguko mmoja ni kilometa 60 na ushei. Pikipiki za kigari cha pembeni zilianza kushindana huko mwaka 1923. Zina magurudumu matatu. Dereva anapiga magoti, na mwenzake wa nyuma hana kiti wala mkanda, ana vishikio tu. Ikija kona anajitupa nje, bega karibu liguse lami. Ikija ya upande wa pili anahamia juu ya gurudumu la nyuma. Akizembea, wamepinduka. Mwaka 2023 ndugu wawili, Ben na Tom Birchall, walikata mzunguko huo chini ya dakika 19.

Mjomba hakuendesha hata siku moja. Alikwenda kwa likizo yake na nauli yake, akasukuma vyombo, akapika chai, akafuta wadudu waliogandia kwenye vioo vya helmeti. Nilipokuwa nikisoma kule alinichukua nikamwona kazini. Alimfunga kijana wa nyuma tepu kwenye viganja, akaikata kwa meno, akavuta kila glovu kuhakikisha imekaza, kisha akampiga kofi la mgongo: "Haya, twende!" Kwa Kiswahili. Yule kijana naye akaitikia, "Haya!"

Mikindani iko kilometa kama kumi kabla ya kufika Mtwara mjini, kwa hiyo nikashukia njiani, kwenye ghuba ile ambayo Livingstone alipita mwaka 1866. Hitima ilisomwa baada ya adhuhuri, pilau ikaliwa, na watu walipopungua mama mkubwa akaniambia nisome kadi.

Nikaitafsiri pole pole. Walikuwa wanamlilia kama mtu wa kwao. Mmoja aliandika kwamba chai ya Mjomba ilikuwa na tangawizi inayochoma koo, na bado waliipangia foleni.

"Walikuwa wakimlipa ngapi?" akauliza mama mkubwa.

"Hawakumlipa, mama. Alikuwa anajitolea."

Akacheka mpaka akajifuta macho kwa ncha ya kanga. "Ndiyo maana karudi bila hata baiskeli!"

Utani huo una historia. Mjomba aliporejea na sanduku la fulana na koti moja la mvua, mtaa mzima ulisema Ulaya imemshinda. Yalinikera maneno yale, na nilikuwa nimejiandaa kumtetea, ila mzee mmoja mvuvi aliyekaa kwenye mkeka aliniwahi. Alitaka kuona picha. Nikampa simu. Akaitazama kwa umbali wa mkono, akamwona mtu wa nyuma ananing'inia nje.

"Huyu namjua," akasema. "Huyu anayetoka kukaa kwenye mrengu, ule mti wa pembeni, upande wa joshini, upepo unakotoka, pale unapozidi. Ngalawa bila yeye haifiki." Akamgeukia mama mkubwa. "Kaka yako ndiye aliyekuwa akiwafunga hawa?"

"Ndiye," nikajibu mimi.

"Basi alikuwa na kazi."

Mama mkubwa hakusema kitu. Alichukua kadi akaiweka juu ya kabati pamoja na msahafu, akaanza kugawa ubani: wa msikiti, wa waliopika, wa mtoto wa jirani aliyeteka maji.

Mzee alikuwa bado na simu yangu.

"Shehe, nirudishie, basi la kesho nalipia kwa simu."

"Ngoja kwanza. Hicho si kisiwa?"

"Kisiwa."

"Na upepo upo?"

"Mwingi mno, babu."

"Sasa petroli ya nini?"