Nimemlipia bibi kiingilio akaone tembe

Bibi yangu ni Mgogo wa kijijini kabisa, kazaliwa kwenye tembe, ile nyumba ya udongo yenye paa tambarare, kaolewa kwenye tembe, na mi likizo zote za utoto nlilala humo mbuzi wakiwa ukuta wa pili, ila nikirudi shule mjini wakiniuliza ulienda wapi najibu tu kwa bibi. Habari ya tembe sitaji. Wenzangu bibi zao walikuwa na bati bwana.

Sasa alipokuja kututembelea Tabora nikamwambia bibi leo nakupeleka Kwihara, hapo nje ya mji, ukaone nyumba aliyokaa Livingstone, yule mmisionari mzungu wa zamani. Tumefika, nimelipa, bibi akautazama ule ukuta mwekundu wa udongo, akatazama na paa lilivyo tambarare, akanigeukia: "We baba, umetoa hela tuje kuona tembe?"

Kijana wa kutembeza wageni alicheka mpaka akafuta machozi. Akaanza maelezo yake, kwamba Stanley, mwandishi wa gazeti aliyetumwa kumtafuta Livingstone, alikwama hapa 1871 sababu Mirambo, mtemi wa Kinyamwezi, alikuwa anapigana na Waarabu wafanyabiashara na njia ya Ujiji haipitiki, 1872 akarudi na Livingstone, mwezi wa tatu Stanley akaondoka, mzee wa watu akabaki kusubiri wapagazi kutoka pwani mpaka mwezi wa nane. Nlikuwa nasikiliza peke yangu. Bibi yuko mlangoni anapapasa nakshi.

"Huu sio wa kwetu."

Kweli, mlango wa kuchonga kama wa Unguja umepachikwa kwenye nyumba ya udongo ya bara, na mbele wameweka baraza ya kukaa na wageni. Alafu ndani unasimama wima! Kwa bibi usipoinama mlangoni paji la uso litakusimulia. Kwa hiyo nikawaza, yani hawa Waarabu, matajiri wa kuuza pembe na watumwa, walitoka pwani na fedha zao wakaona nyumba ya kukaa huku ni ileile ya kina bibi, wakaongezea tu madoido.

Bibi akainua kichwa kukagua miti ya dari. "Nani anapanda kuongeza udongo mvua zikikaribia?" Kijana kimya. Akatupa darasa pale, nguzo, boriti, fito, nyasi, ndo udongo, tena si udongo wowote.

Kutoka tukapewa daftari la wageni. Bibi hajui kuandika, nikamwandikia jina, nikamuuliza kwenye maoni niweke nini.

"Andika kichuguu. Wachukue udongo wa kichuguu."