Starlet yangu yenye herufi T

Kuna Starlet halafu kuna Starlet. Ukimwambia Mtanzania gari yako ya kwanza ilikuwa Starlet anakuonea huruma kidogo, kichwani kwake inakuja ile ya kuanzia maisha, spea kila kona, haina makuu. Yangu kwa nje ilikuwa hiyo hiyo. Silva, milango mitatu, namba A, boneti imebabuka na jua. Niliichukua Moshi kwa mzee mmoja aliyenipunguzia bei mwenyewe bila kuombwa, akasema "kijana wangu sikufichi, hii gari inakunywa mafuta". Nikafungua boneti nikasoma kile kibati cha Toyota: injini 4E-FTE, cc 1331. Hiyo T ndo turbo, kile kifeni kinachoisukumia injini hewa zaidi. Nikafunga boneti taratibu, nikamwambia mzee shikamoo tena, tuandikishane.

Kwa wasiojua, hiyo inaitwa Glanza V, ilitengenezwa kuanzia 1996 mpaka 1999 Toyota walipoingiza Vitz. Ana ndugu yake Glanza S, wamefanana sana na wengi wameuziwa S wakijua wamepata V, ila S haina turbo, ina hospawa 85, V ina 135. Najua 135 siku hizi watu wanacheka, lakini gari yenyewe haifiki hata kilo 1,000. Chini ya rpm elfu tatu, yaani mizunguko ya injini kwa dakika, imelala, bibi unampeleka kanisani hajui kitu, ikivuka hapo unasikia kafilimbi kule mbele halafu usukani unaanza kugombana na wewe maana tairi za mbele ndo zinavuta na zinashindwa kuamua ziende wapi. Nilikuwa nacheka peke yangu ndani ya gari, kweli kabisa.

Sasa utamu wa hii gari niliuelewa nilipoanza kuendesha kati ya Arusha na Dar. Intakula yake, yaani kirejeta kinachopoza hewa ya turbo kabla haijaingia kwenye injini, kiwandani wameiweka juu ya injini. Ukiwa Dar kwenye foleni ya Ubungo, jua kali, gari haitembei, joto lote la injini linapanda linaishia kwenye intakula, foleni ikifunguka ukakanyaga mafuta unapata gari ya mgonjwa. Hewa ya moto ni nyepesi, haina oksijeni ya kutosha. Gari hiyo hiyo uilete Arusha, mita kama 1,400 juu, asubuhi ya Julai pumzi inatoka moshi mdomoni, inakuwa kitu kingine. Injini za kawaida huku juu zinapoteza nguvu sababu hewa ni chache, turbo inajisukumia yenyewe kwa hiyo haiumii sana. Ndo maana kupanda mlima niliwapita watu wenye injini kubwa kuliko yangu, na walikuwa wanaangalia nyuma ya gari kutafuta maandishi, hakuna, nilishayabandua.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ilikuwa kuhamisha intakula kwenda mbele nyuma ya bampa. Ilipatikana iliyotumika, kutoka gari nyingine kabisa, fundi wa mtaa wa Unga Limited, Arusha, akakata bati kidogo, akachomelea mabomba, tukaunga na hosi za silikoni na klipu. Fundi huyu alikuwa na tabia moja, kila akimaliza kuunga anapaka maji ya sabuni kwenye maungio, anajaza hewa ya kompresa ndani ya mabomba, anakaa kuangalia povu. Povu likicheza tu anafungua upya, hata kama ni saa mbili usiku na mimi nina njaa. Joto la Dar likawa halinisumbui tena.

Halafu breki. Vijana wengi wanaanza na bomba kubwa la kelele, sawa, kila mtu na starehe yake, mimi nilimwambia fundi kwanza isimame. Tulipata diski na kalipa, zile zinazobana diski, za Toyota kubwa zaidi, vishikizo tukachongesha. Bushi zote mpya, shokapu mpya, tairi nzuri. Ukiipita mtaani huoni hata kimoja. Bust, yaani presha ya hewa ya turbo, nilipandisha kidogo tu, kiwandani ni baa 0.6 na kitu, ukizidisha sana kontroli boksi, kompyuta ya injini, inakata mafuta ghafla kama mtu kachomoa waya, na watu wanauza vidude vya kuidanganya isikate. Sikuvitaka. Ile kukata ni mlinzi, na hizi injini zilipangiwa petroli ya Japani yenye okteni kubwa, yaani isiyolipuka kabla ya wakati kirahisi, kuliko hii yetu ya sheli.

Barabara yake ilikuwa Mombo kwenda Lushoto. Kilomita kama 33, kona juu ya kona, ukuta wa mlima huku, korongo huku, gia ya pili na ya tatu basi, unapita Soni kwenye maporomoko kioo kimeshushwa, filimbi ya turbo inagonga mwamba inakurudia sikioni. Highway sikuwa na mambo mengi, kila kijiji ni 50 na tochi iko kwenye mwembe.

Mama ndo hakuwahi kuielewa. Turbo ikitoka kukimbizwa huizimi hapo hapo, oili inaungulia ndani, unaiacha sailensa, inaunguruma bila kukanyaga mafuta, dakika moja mbili. Nafika nyumbani nakaa ndani ya gari inaunguruma, yeye yuko mlangoni, "Baba, kwani hutaki kushuka? Ugali unapoa." Namwambia napoza turbo. "Na huu ugali nani anaupoza?"

Niliiuza tulipopata mtoto wa pili, kiti cha mtoto kwenye milango mitatu ni mazoezi ya jeshi. Juzi nilikuwa napitia minada ya Japani, Glanza V safi bei zimepanda vibaya, halafu ukileta huku bado kuna kodi ya uchakavu juu yake. Mke wangu akachungulia simu.

"Hii ina milango mingapi?"

Nikamwambia iko na buti kubwa.