Mchaichai wa mama, mwaka ule nilipokosa usingizi

Mwezi wa saba 2011 nilikuwa navua dagaa Ziwa Victoria, pale mwalo wa Igombe, Mwanza. Kama unaijua kazi ya dagaa unajua sisi tunaamka watu wanapolala, tena ni kipindi cha giza tu, mwezi ukishawaka dagaa hawaji kwenye taa, mnakaa nchi kavu mnashona nyavu. Enzi zile kwetu ilikuwa bado karabai za mafuta ya taa, unaziacha zinaelea juu ya maji, dagaa wanakusanyika, mnazungusha wavu. Usiku kazi, mchana nalala kama gogo pembeni ya dagaa walioanikwa, hata inzi hawanisumbui.

Sasa usiku mmoja upepo ulibadilika ghafla kwenye saa tisa hivi, mawimbi yakaingia upande mmoja, tukiwa bado tunahangaika na wavu mtumbwi ukapinduka na karabai zote zikazima kwa mkupuo. Tulikuwa wanne. Tuliushikilia ule mtumbwi kwa tumbo lake mpaka kunapambazuka wenzetu wa mwalo wa jirani wakatuona. Wote tulitoka salama, namshukuru Mungu mpaka leo.

Ila usingizi haukurudi na mimi nchi kavu. Siku ya kwanza nikasema ni baridi, ya pili nikasema ni mawazo, ilipofika wiki nikawa nikifumba macho tu nasikia maji masikioni na moyo unakimbia. Jamaa mmoja akanipa vidonge vya usingizi, nikameza viwili, nikalala kweli lakini niliamka kichwa kizito kama kimejazwa mchanga, na kesho yake bila kidonge ikawa mbaya zaidi. Nikaona hapa naharibikiwa, nikapanda daladala mpaka mjini, nikaunga nyingine mpaka Kisesa kwa mama.

Nilifika asubuhi, hata mwangaluka (salamu yetu ya Kisukuma ya asubuhi) sijamaliza mama akaniambia, "Wewe hulali." Sikumbishia. Akapekua mfuko wangu akakuta vile vidonge vimebaki, akauliza nani kakupa, daktari? Nikasema hapana. Akavifunga kwenye pindo la khanga yake, akasema hivi havichanganywi na majani yangu, chagua kimoja. Mama hakusoma zaidi ya la nne lakini hapo alikuwa sahihi kabisa, kitu cha kukulegeza juu ya kingine cha kukulegeza ni hatari, na vile vidonge mwili unavizoea haraka.

Jioni akanituma nyuma ya nyumba, pale yanapotokea maji ya kuogea, ndo alipopanda mchaichai wake, shina kubwa limejaa, alilipata kwa jirani kipande tu chenye mizizi (mchaichai haupandi mbegu, unagawa shina unachomeka). Akanipa kisu niukate mwenyewe. Yale majani yanakata, ukiyavuta vibaya yanakuchana vidole, kwa hiyo lazima uende taratibu. Nikaleta kama majani sita, akaniambia nioshe, nikatekate, nifunge fundo moja la majani mazima nitupie ndani. Maji yakachemka, nikatia, na mimi kwa haraka zangu nikaacha yatokote bila kifuniko mpaka harufu ikajaa uwanja mzima. Mama akaja mbio. Yani ile harufu unayosikia huku nje, akasema, ndo dawa yenyewe hiyo inakimbia, funika! Epua, funika, usubiri. Baadaye sana ndo nikajua alichokuwa anasema, ile harufu kama ya limao inatoka kwenye mafuta ya majani, kitu kikubwa humo kinaitwa sitrali, na mafuta hayo yanaondoka na mvuke.

Basi tukakaa kwenye vigoda tunasubiri, sufuria limefunikwa, jiko la mkaa linafifia. Mama akauliza, "Ilikuwaje huko majini?" Nikamweleza kama nilivyowaeleza wote, upepo, karabai, mpaka asubuhi. Akasema hapana, wewe ulikuwa unafanya nini? Hapo ndo nikasema kitu ambacho sikuwahi kumwambia mtu, kwamba mdogo wetu kwenye kile chombo, kijana wa miaka kumi na tisa, alikuwa upande wa pili ananiita jina langu usiku kucha, na mimi sikumjibu hata mara moja, niliogopa nikifungua mdomo nguvu zitaniishia niachie mikono. Mama hakusema kitu. Akafunua sufuria, akanimiminia, sukari kidogo, akasema kunywa ikiwa moto.

Nililala kuanzia saa mbili mpaka jua limetoka.

Nilikunywa siku tisa mfululizo, kikombe kimoja tu usiku. Nimesoma tangu hapo kwamba hata Brazil watu wanakunywa mchaichai kutuliza roho, na kwamba mwaka 1986 watafiti wa huko walichapisha majaribio kwa binadamu na hawakuona unaleta usingizi wala kupunguza wasiwasi. Naliheshimu hilo na sitamdanganya mtu kwamba ni dawa ya kila kitu, na mjamzito asiunywe mwingi bila kuuliza kliniki. Lakini kikombe kile nilikinywa mimi, na kile nilichokisema kabla ya kunywa nilikisema mimi.

Giza lililofuata nikaaga narudi Igombe. Nikamwomba mama anijazie chupa ya chai ya mchaichai niende nayo ziwani. Akakataa katakata, hiyo ni ya kulalia, kwenye maji unatakiwa macho. Akanijazia ya tangawizi, kali mpaka inachoma koo, na majani ya mchaichai akanifungia kwenye gazeti nikanywee nyumbani. Nilipofika mwaloni nilimtafuta yule kijana kwanza, kabla hata sijaweka begi chini.