Kutoka karakana ya jeshi hadi gereji ya mtaani

Nilipovua sare katika kambi ya jeshi ya Kahawa, Nairobi, jamaa zangu walikuwa wameshanipangia kazi: ulinzi. Shemeji alinitafutia lango la ghala, jirani akanitajia kampuni inayosindikiza pesa za benki. Mjomba naye alitaka kiinua mgongo chote kiingie kwenye matatu ya Githurai. Kazi ya ulinzi siidharau, na tangu sheria ya mwaka 2016 ina mamlaka yake ya kuisimamia. Lakini jeshini mimi nilishika spana kuliko bunduki. Nilikuwa fundi wa malori na Land Rover, na ufundi ndio niliotaka uendelee kunilisha.

Kikwazo kilikuwa karatasi. Cheti cha jeshi kinaeleza kwamba ulitumikia vyema ukafika sajenti. Hakimwelezi mwenye gereji kwamba waweza kufungua pampu ya dizeli na kuirudisha ikafanya kazi. Mpwa wangu, ambaye huajiri watu katika ofisi moja mjini, aliusoma wasifu wangu akacheka. “Mjomba, hapa unaripoti kwa afande. Hebu niambie, asubuhi hadi jioni ulikuwa ukifanya nini?” Nikamwambia, akawa anaandika: kusimamia mafundi wadogo, kutunza stoo ya spea, kupanga sevisi ya magari, kufundisha makurutu. Vyeo vikabaki mstari mmoja tu.

Ndiye pia aliyenielekeza NITA, mamlaka ya taifa ya mafunzo ya viwandani, Commercial Street, pale Industrial Area. Mtihani wao wa ufundi una gredi tatu, ya III ikiwa ya chini na ya I ya juu, na fundi aliyejifunzia kazini anaruhusiwa kuufanya. Nilikuta vijana wa jua kali, mafundi wa gereji za mitaani, ambao wangenifundisha mambo mengi kuhusu magari madogo ya Kijapani. Cheti cha tabia njema nacho nikakiomba kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, nikapigwa alama za vidole, basi.

Kazi yenyewe niliipata kwa mzee mmoja mwenye gereji ya malori. Vyeti alivitazama kidogo, kisha akanipeleka kwenye lori lililokataa kuwaka. “Haya, mwanajeshi.” Nililegeza skrubu ya juu ya filta ya dizeli, nikasukuma pampu ya mkono. Likatoka povu tupu: hewa ilikuwa imeingia kwenye dizeli. Niliendelea kusukuma mpaka dizeli ikaja bila mapovu, nikakaza, dereva akapiga stata, likanguruma. Mzee akageuka kuondoka. Nikamwita: “Mzee, bado. Hewa imepitia wapi?” Tukafuata mpira kutoka kwenye tangi, tukaukuta umepasuka karibu na klempu. Nadhani swali hilo ndilo lililoniajiri, si mngurumo.

Sehemu ngumu ilikuja baadaye. Jeshini spea unaijazia fomu. Huku unatumwa Kirinyaga Road, kwenye maduka ya spea, uitambue halisi na ya bandia, upatane bei na muuzaji ambaye ameshajua kwamba lori la mtu limekwama. Na mteja hapewi amri. Anataka kujua kwa nini bili imepanda, na ana haki ya kujua. Siku hizi ile spea mbovu naifunga kwenye gazeti, nampa mkononi kabla hajauliza.