Zamani kabla, siku hizi baada

Saa tano kasoro usiku wa Jumapili, na maneno tisa ya namba tatu wetu, beki wa kushoto, bado yananizunguka kichwani. Wiki yenyewe haikuwa ndogo: Jumatano mwenyekiti alisaini barua ya kunithibitisha kuwa kocha hadi mwisho wa msimu, dada kajifungua pacha, jana tumetoka sare ya bila kufungana ugenini. Yote hayo nimeyapokea nikasema asante. Yale maneno tisa ndiyo yamekataa kukaa.

Ni ya Jumamosi ya juzi, tulipofungwa mbili kwa moja, bao la pili dakika ya 83. Nilimkuta namba tatu kwenye benchi la chumba cha kubadilishia nguo, anakata plasta ya soksi kwa mkasi, taratibu, kama anafungua mzigo wa watu. Nikamwuliza, bila ukali kwa kadiri ninavyokumbuka, "Kwa nini hukuingia ndani?" Hakuinua kichwa.

"Mwalimu, zamani ulikuwa unaniambia kabla. Siku hizi unaniambia baada."

Akarudisha mkasi kwenye boksi la huduma ya kwanza, akaenda kuoga.

Misimu minne amecheza kushoto kwangu akiniita Kaka. Hilo la Mwalimu nimelizoea tangu nivue jezi. Wote walilianza siku moja, kama waliokubaliana. Cha kuniuma ni kwamba hakusema kwa kiburi. Alisema kama mtu anayekutajia saa.

Nimelirudia lile bao mpaka nyumbani wamechoka. Mpira ulikuwa kulia kwetu. Namba sita wao, kiungo, akaupeleka kwa winga, winga akagusa mara moja, akainua macho, akapiga krosi. Wakati huo namba tatu wetu alikuwa amesimama mita tano hivi nje ya mlingoti wa mbali, bega kwa bega na winga wa upande wake. Kati yake na namba nne, beki wa kati, pakabaki kama mita 12. Namba tisa wao, mshambuliaji, aliingia katikati ya pengo hilo bila kuguswa na mtu, akapiga kichwa. Mpira ukiwa upande wa pili, beki wa pembeni wa mbali anatakiwa aingie mpaka awe usawa wa mlingoti wa mbali, amwache winga wake nje peke yake. Winga aliye nje ana krosi ndefu tu ya kusubiri, na mpira mrefu unakupa muda wa kumfikia. Aliye katikati, mbele ya boksi dogo, hakupi muda wowote. Namba tatu anajua hilo tangu ana miaka 15. Ila kulijua ni kitu kimoja, na kulikumbuka dakika ya 83 mapafu yanawaka ni kingine. Ndiyo maana mabeki huambiana.

Na huambiana lini? Hapo ndipo neno "kabla" linaponichoma, kwa sababu ni la kiufundi kabisa. Beki hasogei mpira ukiwa mguuni mwa mtu. Anasogea mpira ukiwa njiani. Pasi ya kutoka namba sita kwenda kwa winga, mita 25 au 30, inakupa kama sekunde moja na nusu. Hapo ndipo namba nne anageuza shingo kushoto, anaona pengo, anasema "Ndani!" Neno moja, mara moja. Ukisubiri winga aguse mpira, umeshachelewa, maana miguu ya mwenzako itakuwa imeshapanda ardhini na macho yameshaganda kwenye mpira. Ukisema baada ya krosi kupigwa, hiyo tena ni lawama.

Nilijaribu kujitetea, kichwani, kwamba nilikuwa mbali. Benchi letu lilikuwa upande wake wa kushoto, karibu na mstari wa kati, na yeye yuko langoni kwetu: kama mita 50. Lakini sauti inakwenda mita 340 hivi kwa sekunde, kwa hiyo mita 50 inazimaliza chini ya moja ya tano ya sekunde. Umbali haukunichelewesha. Nilichelewa kwa sababu sikuliona pengo.

Hili ndilo ambalo hakuna aliyeniambia nilipokuwa navua viatu. Benchi linakuonyesha urefu wa uwanja na kukuficha upana. Ukisimama pale pembeni, mstari wa mabeki wanne unaupata vizuri mno: nani kabaki nyuma nusu mita na kuwaweka washambuliaji salama na kuotea, nani kapanda peke yake. Mshika kibendera anasimama pembeni kwa sababu hiyo hiyo. Lakini kutoka hapo hapo mabeki wanne wanaonekana kama watu waliopanga foleni, mmoja kamficha mwenzake, na pengo la mita 12 linaonekana kama la nne. Nikiwa namba nne ilikuwa kinyume. Mapengo niliyahisi mgongoni, na mstari ndio ulionilazimu kugeuka kuutazama. Nimebadilisha jicho na nilikuwa sijui.

Tena ukiwa benchi huwezi hata kukimbia uende ukaone. Eneo la ufundi linaishia mita moja kila upande wa viti na mita moja kutoka mstari wa pembeni, na sheria inaruhusu mtu mmoja tu kwa wakati mmoja kutoa maelekezo. Ukizidisha, kadi ya njano siku hizi ni yako pia. (Msaidizi wangu anayo moja tayari. Tusiiongelee.)

Usiku wa Jumatatu nikawa nawaza mabeki wa Ujerumani waliopita njia hii wakawa makocha. Klopp alianza klabu ya Mainz akiwa mshambuliaji, akarudishwa nyuma kuwa beki mwaka 1995, na mwishoni mwa Februari 2001 akakabidhiwa timu ile ile, daraja la pili, ikipigania isishuke. Hakupumzika katikati. Mechi ya kwanza aliishinda 1-0 dhidi ya Duisburg. Watu huishia hapo, wakasahau kwamba mwaka 2002 na 2003 alikosa kupanda daraja siku ya mwisho ya ligi, mara ya pili kwa tofauti ya mabao, ndipo akapanda 2004. Beckenbauer alipewa Ujerumani Magharibi mwaka 1984 hata leseni ya ukocha hana, ikabidi atafutiwe cheo kingine, Teamchef, na mwaka 1990 akabeba Kombe la Dunia aliloshalibeba akiwa nahodha mwaka 1974. Huyo alikuwa libero, aliyezoea kusimama nyuma ya wote na kuwa na uwanja mzima mbele yake.

Wengine walisukumwa na magoti. Tuchel aliacha kucheza akiwa na miaka ishirini na kitu, gegedu limeisha. Nagelsmann aliacha na miaka 20, na Tuchel, aliyekuwa akifundisha timu ya pili ya klabu ya Augsburg, akampa kazi ya kwenda kupeleleza wapinzani. Miaka minane baadaye Nagelsmann alikuwa kocha wa klabu ya Hoffenheim. Naona hao walipata kitu tulichokosa sisi tuliocheza mpaka miguu ikakataa: walijifunza kutazama mpira kutoka jukwaani wakiwa bado wadogo, kabla mdomo haujazoea kuwa karibu na mchezo. Sisi tunafika benchi na sauti ya uwanjani na macho ya mgeni.

Ugonjwa wetu mwingine mabeki naujua, na wiki ile niliuugua. Ukiwa sare dakika ya 70 unaanza kuhesabu mabao ambayo hujafungwa. Nilimtoa kiungo nikaingiza beki wa tatu wa kati. Timu ikashuka mita kumi yenyewe, bila mtu kuiambia, kwa sababu wachezaji wanasoma badiliko kuliko wanavyosikia maelezo. Namba sita wao akapata nafasi ya kupiga pasi akiwa ameinua kichwa. Bao la dakika ya 83 lilianzia kwenye kile kibao cha namba, si kwa namba tatu. Sikumwambia hivyo chumbani.

Jumanne asubuhi, kabla ya mazoezi, nikafungua video. Kijana wetu wa vifaa huwa anaweka simu kwenye stendi nyuma ya goli, juu ya ngazi, kama mita tatu na nusu kutoka chini, kwa ajili ya mwalimu wa makipa. Mimi huwa siitazami. Natazama ya pembeni, kwa mazoea ya benchi. Ya nyuma ya goli ndiyo inayoonyesha kile nilichokuwa nakiona nikiwa nacheza. Nikaisogeza kidogo kidogo. Pasi ya namba sita inaondoka. Namba nne mpya, aliyerithi nafasi yangu, mdomo umefungwa. Namba mbili anatazama mpira. Na namba tatu, katika ile sekunde moja na nusu, anageuza kichwa.

Hakugeukia mpira wala winga wake. Aligeukia kushoto mbele, kule kwenye mstari wa kati, ambako hakukuwa na mtu wa kutazamwa isipokuwa mimi.

Nikarudisha. Nikarudisha tena. Alikuwa anasubiri aambiwe. Misimu minne nilimwambia mimi, kila mara, mpaka akaacha kuangalia mwenyewe, na hakuna aliyehitaji kujifunza kusema kwa sababu nilisema mimi. Nilikuwa najisifia ile sauti. Magazeti nayo yaliisifia. Mstari mzima wa ulinzi niliuegemeza kwenye koo langu, kisha nikaondoka nalo.

Siwezi kusema uchungu uliisha. Uligeuka tu, ukawa kazi, na kazi naiweza.

Alhamisi tulitumia nusu uwanja, mabeki wanne na kipa dhidi ya sita, seti tatu za dakika nne, mapumziko ya dakika mbili. Kanuni moja: mimi sisemi. Wao ndio waseme, na neno lihesabike tu kama limetoka mpira ukiwa njiani. Msaidizi alisimama nyuma ya goli na karatasi, anaweka alama kwa kila neno lililotoka kwa wakati na mstari kwa lililochelewa. Maneno ni manne tu: "panda" mpira ukirudishwa nyuma au mwenye mpira akibanwa, "shuka" akiwa huru na kichwa kimeinuka, "ndani" mpira ukihamia upande wa pili, "wangu" kwa anayekwenda kuucheza. Yakizidi manne wanaanza kuhutubiana.

Nilitaka pia kuwafunga kamba kiunoni, ile ya mita nane kati ya mtu na mtu, nikaacha. Kamba inafaa kwa kutembea tu, dakika kumi, kwa vijana wanaoanza. Wakianza kukimbia nayo wanatazama kamba badala ya mpira, na mmoja akichomoka anamwangusha mwenzake. Halafu kamba inakufundisha umbali usiobadilika, wakati umbali wenyewe unabadilika: mpira ukiwa katikati, mita nane hadi kumi kati ya beki na beki, ukiwa pembeni, mnabanana, na wa mbali anaingia ndani.

Kwa namba tatu peke yake niliongeza kitu kidogo baada ya wenzake kuondoka. Krosi 20 kutoka kulia. Winga akiinamisha kichwa kuugusa mpira, hawezi kupiga wakati huo huo, kwa hiyo hiyo ndiyo nafasi ya kutazama juu ya bega. Akianza kurudisha mguu nyuma, macho yawe yamerudi na miguu iko sawa, mwili umefunguka nusu kwa mpira na nusu kwa mtu. Nyuma yake alisimama kijana wa akiba, anainua vidole, na namba tatu anataja ni vingapi kabla krosi haijapigwa. Tano za kwanza alikosa tatu. Kumi za mwisho alikosa moja, na hiyo aligombana na kijana kwamba kidole gumba hakihesabiki.

Seti ya kwanza karatasi ya msaidizi ilikuwa aibu: maneno 11, saba yamechelewa. Seti ya tatu namba nne, ambaye nilidhani Mungu alimnyima sauti, alipasua "Ndani!" wakati pasi haijafika hata nusu ya njia, na namba tatu alikuwa ameshaanza kuingia. Ameshaanza. Nilikuwa nimeuma filimbi, sijui ilikuwa ya kuzuia mdomo au nini. Sikupuliza.

Ijumaa nilimwita pembeni kabla ya kuandika kikosi ubaoni. Mtu asiyeanza ndiye huambiwa kwanza, uso kwa uso, sentensi mbili. Hilo nilijifunza kwa kutoambiwa. Yeye alikuwa anaanza, lakini nilimwita vilevile nikamwambia, "Lile bao ni badiliko langu la dakika ya 70." Akanitazama. Akasema, "Sawa, Mwalimu." Basi. Sikujua alikuwa ananisamehe au anataka kwenda kula.

Jana hatukufungwa, lakini wenyeji walipiga krosi chache mno kwangu kujua lolote. Video ya nyuma ya goli bado sijaifungua. Kijana anasema ngazi iliyumba kipindi cha pili na nusu ya picha ni anga.

Jino la nyuma kulia limeanza tena. Mama watoto amesema tangu mwezi uliopita niende nikalitazamishe, na mimi nimekuwa nikisema wiki ijayo. Leo jioni hata chai ya vuguvugu nimeinywea upande mmoja.