Kamba Tatu za Darasa la Sita: siku moja ya mwalimu wa jiografia Mwanza

Saa 11:00 alfajiri. Nazipima tena kamba nilizokata jana usiku: moja sentimita 147, nyingine 70, ya tatu 8. Mchoro wa kipimo ukikosewa kipimo, unawadanganya watoto wote kwa mpigo.

Saa 12:15. Daladala ya kutoka Igoma imejaa. Kwapani nina kiroba cha mchele nilichokipasua, nikakifua na kukichora miraba kwa maka peni. Karatasi ya manila haimalizi muhula, inachanika kwenye pembe. Kiroba unakikunja, unakifuta vumbi, mwakani kipo.

Saa 2:40. Jiografia, Darasa la Sita. Nauliza: kati ya Victoria, Tanganyika na Nyasa, ziwa lipi lina kina kirefu zaidi? "Victoria!" Karibu darasa zima. Hawa ni watoto wa ziwani, wengine wazazi wao wanauza dagaa soko la Mwaloni, na ziwa lao hawalioni mwisho. Siwasahihishi. Natundika kiroba: mraba mmoja ni kilomita za mraba 1,000. Wanahesabu kwa sauti. Victoria 69, Tanganyika 33, Nyasa 30. Makofi.

Kisha nawaita watatu waje na kamba. Juu ya ubao kuna misumari, huo ndio uso wa maji. Sentimita moja ni mita 10, na kila kamba inafika pale penye kina kuliko pote. Ya Nyasa inaning'inia hadi katikati ya ubao. Ya Tanganyika inapita ukingo wa chini, inakaribia sakafu. Ya Victoria haifiki hata urefu wa kalamu. Kimya. Halafu binti wa dawati la mbele: "Mwalimu, ziwa letu ndiyo haka?"

Swali hilo ndilo nililokuwa nalisubiri, na nisingelipata kwa kuandika "mita 80" na "mita 1,470" ubaoni. Tarakimu wangezinakili vizuri na kubaki na imani yao ileile.

Sasa ndipo nachora, mstari mmoja mmoja huku nikieleza, nao wakichora pamoja nami. Tanganyika na Nyasa yamo ndani ya Bonde la Ufa, pale ardhi ilipopasuka na kudidimia. Victoria limetandaa kama sinia kati ya mikono miwili ya ufa, wa mashariki na wa magharibi. Chati iliyochapwa inamwaga kila kitu mara moja na mtoto hajui aanzie wapi. Mchoro unaokua mbele ya macho yake anaufuata.

Saa 4:30. Chai. Mwalimu mwenzangu ananionyesha chati yake mpya: samaki, ngalawa, jua, maua pembeni. Namwambia kwa upendo, maua yatoke, maandishi yaongezwe unene. Tunakwenda wote kusimama nyuma ya darasa tuisome kutoka pale. Chaki nyekundu vilevile, kwenye ubao mweusi mtoto wa nyuma haioni. Nyeupe na njano zinatosha.

Saa 7:20. Nasahihisha michoro waliyochora bila kutazama. Mmoja ameandika kipimo pembeni bila kuambiwa. Wanne wamezisimamisha kamba kutoka chini kwenda juu, kama milima, na hao kesho nitaanza nao. Kwa maneno matupu kosa hilo lisingeonekana.

Saa 9:40. Kijana mmoja amebaki. Anasema baba yake hushusha jiwe kwa kamba kutoka mtumbwini, akiivuta anahesabu pima. Tunapiga hesabu pamoja, pima moja ikiwa kama mita 1.8: Victoria pima 44, Tanganyika zaidi ya 800. Anaziandika kiganjani akamwonyeshe baba.

Saa 2:00 usiku. Kiroba kingine mezani, mnyororo wa chakula wa ziwa. Kila mwaka watoto wanauelekeza mshale kwa anayeliwa, kwa sababu sangara ndiye anayemkimbilia dagaa. Kumbe mshale unaonyesha chakula kinakokwenda. Kwa hiyo sichori mishale kabisa. Naikata ya karatasi, watoto waibandike wenyewe na wabishane. Nimeshakata sita.